Kanini, Farasi wa Kuwekeshwa

Nyinyi vijana mnaowatembeza wageni juu ya farasi pale ufukweni Galu mmenikalia kooni muda mrefu: "Mama Mwaka, andika." Haya, nimeandika. Kazi nimeiacha, jioni za Samburu ni ndefu, na siku hizi nawaota farasi hata nikiwa macho. Nitakuwa nachambua kunde kibarazani, mara nasikia kwato zikikanyaga mchanga wenye maji, taratibu, bila haraka ya kufika popote. Nainua kichwa. Huku kwetu hakuna bahari, na mvua yenyewe huja kwa kubembelezwa. Ni masikio tu yamekataa kustaafu.

Msitarajie habari za vyeo. Nyumba ya Galu niliyoifanyia kazi ilikuwa na saisi wawili, yaani watunza farasi wawili, na farasi wawili. Cheo kingekaa wapi? Nitawaambia nilivyoanza, aliyenifunza, yaliyonitisha, na jinsi nilivyopata farasi ambaye si wangu.

Mimi ni Mbeyu, Mduruma wa Samburu hii ya Kinango, pale malori ya barabara kuu yanaposimama ili madereva wale nyama. Baba yangu hakujaliwa mtoto wa kiume, hivyo ng'ombe niliwachunga mimi na kuwakamua mimi. Nilipokuwa mtu mzima, nimeachika na nina mtoto wangu mmoja, Mwaka, binamu yangu aliyekuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya Diani alinipasha habari kwamba kuna mama Galu anatafuta mtu asiyeogopa wanyama wakubwa. Nikafunga nguo zangu ndani ya leso, Mwaka nikamwacha kwa baba yangu, nikateremka pwani.

Mama huyo alikuwa Mkikuyu, mjane, daktari wa meno. Alikuwa amechoka kuchungulia vinywa vya watu wa Nairobi, akajenga Galu, akawaleta farasi wake kwa lori. Sote tulimwita Daktari. Nilimwamkia, "Shikamoo," naye akanijibu, "Niko poa." Mzee mmoja mwenye kofia ya kazi ya mkono aliyesimama kando yake alifumba macho kama aliyekanyagwa kidole cha mguu. Huyo alikuwa Mzee Athumani, Mdigo wa Msambweni, saisi wa nyumba ile.

"Unajua farasi?" Daktari aliniuliza.

"Najua ng'ombe."

Mzee Athumani akacheka kidogo. "Wahenga walisema mzoea punda hapandi farasi. Huyu hata punda hajamzoea. Afadhali, hana la kusahau."

Kumbe nilikuwa nayo mengi ya kusahau. Ng'ombe hukamuliwa upande wa kulia, na miguu yangu ilishaijua njia hiyo bila kuuliza. Asubuhi ya kwanza nikaingia bandani nikamwendea farasi jike kwa kulia, kimya kimya, kwa adabu kabisa. Akaruka mpaka ukuta wa mawe ukatoa vumbi. Nilitoka pale nikiwa nimeshika moyo.

"Mwanangu," Mzee Athumani akaniambia bila kuinuka kwenye kigoda chake, "farasi hupigiwa hodi. Mdomo kwanza, mkono baadaye. Na umjie kwa bega la kushoto, ndiko alikozoeshwa."

"Nimwambie nini?"

"Lolote. Mwambie bei ya unga. Yeye hasikilizi maneno, anasikiliza kama una njama."

Jina la yule farasi lilikuwa Kanini. Kwa Kikikuyu ni kitu kidogo, naye alikuwa mrefu kiasi kwamba nikisimama kando yake sikuona upande wa pili. Rangi yake ilikuwa ya kahawia iliyoiva, na usoni alikuwa na alama nyeupe iliyopinda. Mwenzake alikuwa Rubani, dume aliyehasiwa, mweusi, mlafi, mwenye tabia ya kumvua Mzee Athumani kofia kwa meno na kuishikilia kama ameiokota.

Sasa nitawaambia jambo ambalo Mzee Athumani alilisimulia kwenye kila arusi aliyoalikwa. Alasiri ya siku ile ile ya kwanza nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikiwatazama wale farasi. Kwetu, mtu akitaka kujua kama mnyama ni mzima, humtazama jioni akicheua. Ng'ombe akila mchana, jioni hukaa akarudisha majani mdomoni na kutafuna upya, macho yamelegea. Asiyecheua ni mgonjwa, na ukilala bila kufanya kitu utaamkia mzoga. Basi nikakaa. Wale farasi wakasimama. Nikangoja. Wakapunga mikia. Midomo kimya. Jua likateremka nyuma ya minazi, midomo bado kimya. Nikaona nimeingia kazini leo na leo hii hii mifugo yote ya watu inanifia mkononi.

Nikakimbilia nyumbani kwa Daktari. Alikuwa na wageni wake barazani, wanakunywa chai.

"Daktari, farasi wako wote wawili ni wagonjwa! Hawacheui!"

Daktari aliweka kikombe chini polepole. "Mbeyu," aliniambia, "farasi haicheuangi. Iko na tumbo moja tu, kama wewe."

Mzee Athumani alicheka hadi akashika nguzo. Mimi niliona haya, lakini niliona pia kitu kingine ambacho kimenikaa hadi leo. Nilikuwa mbele ya mnyama ambaye sikumjua hata kidogo, na hilo lilinifurahisha. Ng'ombe niliwajua tangu kuzaliwa. Huyu alikuwa mgeni, na mimi mgeni kwake, na hapakuwa na mtu wa kutuharakisha.

Vyombo vya kazi mnavijua, ila nyinyi mnavitupa ovyo. Sisi kila kimoja kilikuwa na msumari wake ukutani: kitana cha mpira cha kusugulia matope, brashi ngumu, brashi laini ya usoni, chuma kilichopinda cha kuchokolea kwato, hatamu na kigwe, ile kamba ya kumwongozea. Tandiko lilikaa ndani ya nyumba, maana unyevu wa Galu huota ukungu juu ya ngozi hata ukiwa unaitazama. Mzee Athumani alinifunza kufunga kigwe kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. "Farasi akishtuka," alisema, "fundo liwe na akili kuliko wewe." Nyasi zilikuja kwa pikapu kutoka Mkongani, na nilipenda siku za nyasi kwa sababu banda zima lilinuka mvua ya mahali pengine.

Alfajiri ndiyo iliyokuwa yetu. Bahari ikiwa imekupwa, tuliwatoa farasi kabla wageni wa hoteli hawajaamka, tukapita kwenye mivinje, na mchanga ulikuwa baridi na mgumu chini ya nyayo. Kanini hakuwa akiingia majini mara moja. Alisimama ukingoni akayanusa maji, akayapiga kwa mguu wa mbele, akanitazama, kisha akaingia mpaka kifuani na kusimama pale pale. Mimi nilisimama naye, leso yangu ikielea. Maji yalikuwa yakija na kurudi, na pumzi yake ikija na kurudi, na kwa muda sikujua kipi ni kipi. Nimewahi kuulizwa tulikuwa tukifanya nini mule majini. Chumvi ni nzuri kwa miguu ya farasi. Hilo ndilo jibu nililowapa watu.

Mchana, joto likipamba moto, walilala wamesimama. Hilo nalo lilinichukua muda kulizoea. Kanini aliutua uzito wake, akapumzisha mguu mmoja wa nyuma, mdomo wa chini ukaning'inia, akaondoka akiwa yupo. Mbega walitembea juu ya paa la makuti, na vumbi jembamba lilishuka kwenye mwanga. Mara chache sana alilala chini kabisa, ubavu mzima, na hapo niliona miguu yake ikikimbia ikiwa imelala, na midomo ikitetemeka. Nilimuuliza Mzee Athumani farasi huota nini.

"Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye," akasema. "Lakini kwa anavyokimbia, si kazi."

Msidhani ilikuwa ndoto tupu. Siku moja Rubani aliacha chakula. Rubani! Alikuwa akiutazama ubavu wake, akiparua chini, akilala na kuinuka. Jasho lilimtiririka. Nilishika kichwa nikaanza kuomba dini zote nilizozisikia. Mzee Athumani alipiga magoti, akaweka sikio chini ya tumbo la farasi, kisha akanipungia mkono.

"Njoo usikie."

Nikaweka sikio. Nikasikia bahari. Nawaapia. Mawimbi madogo yakipanda ufuoni na kurudi, shaa, shaa, ndani ya tumbo la mnyama.

"Amekula pwani nzima," Mzee Athumani alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha.

Ni mchanga. Ardhi yetu ya Galu ni mchanga, na farasi mlafi akiokota mabaki ya pumba chini, huumeza kidogo kidogo mpaka utumbo unajaa. Bwana Juma, daktari wa mifugo, alikuja kutoka Ukunda, akampitishia mpira puani mpaka tumboni na kummiminia mafuta. Kisha tukamtembeza kwa zamu chini ya mivinje, Mzee, mimi, Daktari mwenyewe akiwa peku, mpaka Rubani alipoachilia mzigo ambao sitausimulia zaidi ya kusema kwamba ungetosha kuchanganyia saruji. Daktari alimbusu puani. Basi, shikeni hili: farasi wa pwani hulishwa ndani ya hori, chini pakiwa na mkeka au turubai, wala si juu ya mchanga mtupu. Na mara kwa mara chukueni samadi kidogo, muikoroge ndani ya ndoo ya maji, mwache itulie. Mchanga ukionekana chini ya ndoo, msingoje kusikia mawimbi.

Jambo la ajabu katika nyumba ile lilikuwa meno. Meno ya farasi huendelea kuota na kingo zake hugeuka makali, zinamkata mashavu. Watu wengine humwita mtaalamu. Sisi mtaalamu tulikuwa tukila naye. Daktari alivaa aproni yake ya zamani, akashika tupa ndefu, na akazungumza na farasi kama alivyozungumza na watu wa Nairobi: "Fungua. Fungua kabisa. Itauma kidogo tu." Kazi yangu ilikuwa kuushika ulimi na kuuvuta kando. Ulimi wa farasi ni mzito, wa moto, unateleza, na una maoni yake. Kanini alikuwa akiniegemezea kichwa chote begani wakati tupa inasaga, na mimi nilisimama chini ya uzito ule nikifikiri kwamba hakuna mtu mzima aliyewahi kuniegemea namna hiyo.

Miaka ikapita jinsi ipitavyo, bila kubisha hodi. Miguu ya Mzee Athumani ikamkataa, akarudi Msambweni kwa wanawe, nami nikaenda kumwona kila Idi mpaka tulipomzika. Rubani akafa kwa uzee, tukamfukia nyuma ya mivinje. Nikabaki na Kanini na Daktari, wanawake watatu wazee, na kila mmoja na ugonjwa wake.

Asubuhi moja nilikuta vijibonge vya nyasi vimetapakaa mlangoni pa banda, vibichi, vimetafunwa nusu na kutemwa. Na mimi na Uduruma wangu, kwa dakika moja nilishangilia: baada ya miaka yote hii, Kanini ameanza kucheua! Nikaenda kumwambia Daktari nikicheka. Yeye hakucheka. Macho yake wakati huo yalishaanza kuingia ukungu, hivyo hakuchungulia. Alitia mkono mdomoni mwa farasi hadi kiwiko, akapapasa taratibu, upande huu, upande ule. Akautoa, akaufuta kwenye gauni.

"Yameisha, Mbeyu. Huku nyuma kumelainika kama jiwe la kusagia la zamani. Meno mbovu ningetengeneza. Meno haiko, nitatengeneza nini?"

Tangu siku hiyo nilimpikia, kama kupika ni neno lake. Mashudu ya nazi na pumba za mahindi, nikiloweka tangu jioni mpaka yamevimba na kulainika kama uji mzito, na chumvi kidogo juu. Kanini alikula polepole, amefumba macho nusu, kwa sauti ambayo ungeisikia barabarani: mchapu, mchapu, mchapu. Alikonda kidogo kisha akakataa kukonda zaidi. Watu walimwita farasi kibogoyo. Mimi niliwaambia hata wao wanakuja huko.

Lakini macho ya Daktari hayakuwa na uji wa kulowekewa. Alianza kugonga milango. Mwanawe wa pekee, Kimani, akatoka Nairobi, akaona, akaamua. Kimani alikuwa mtu wa kumaliza mambo. Simtukani, dunia inawahitaji watu hao. Mama atahamia kwake, nyumba itapewa wengine, na Bwana Juma atakuja Alhamisi na sindano kwa ajili ya Kanini. Mimi aliniambia kwa simu akiwa amesharudi kwake.

"Auntie, kusema ukweli hiyo farasi imezeeka. Haina hata meno. Wacha tuimalizie mateso."

"Mateso gani?" nilimuuliza.

"Auntie, tafadhali."

Nikaweka simu chini nikalia. Nililia kwa uchungu na kwa hasira, na hasira ndiyo iliyonisaidia, maana ilinipeleka kwa mambo ya baba yangu.

Kwetu, mtu mwenye mfugo na asiye na malisho humwekesha mwenzake. Mnyama anabaki wa mwenyewe, mchungaji anakunywa maziwa. Hakuna karatasi. Mwenyewe humtia mchungaji kamba mkononi mbele ya shahidi na kusema: "Nimekuwekesha. Akizaa nijue, akifa nijue." Basi. Kuanzia hapo mchungaji hawezi kumuuza wala kumchinja. Na mwenyewe akifariki, mchungaji anatakiwa awaite warithi waje wamwone mnyama wao kwa macho, wamchukue au waseme maneno upya. Nimeona watu wamekosana na ndugu zao wa damu kwa mengi, lakini sijamwona aliyethubutu kuchezea mfugo wa kuwekeshwa.

Alhamisi asubuhi Daktari alikuwa bandani kabla yangu, amemshika Kanini shingo, mashavu yake yamelowa. Bwana Juma alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake, akiangalia viatu vyake.

"Daktari," nikasema, "niwekeshe Kanini."

Nikamweleza kama nilivyowaeleza. Alisikiliza hadi mwisho, uso ameugeuzia ukuta.

"Nyanya yangu alikuwa na mbuzi zake kwa watu hivyo," akasema. Kisha: "Lakini hii haina maziwa, Mbeyu. Utakunywa nini?"

"Nitakunywa chai ya rangi."

Akacheka. Alicheka na kulia kwa pamoja mpaka akamwegemea farasi, na Kanini akajipanga vizuri ili amshikilie. Bwana Juma akasema kwa upole kwamba yeye aliitwa kwa kazi nyingine.

"Kazi imebadilika," Daktari akamwambia. "Leo wewe ni shahidi."

Bwana Juma akaufunga mkoba wenye sindano. Daktari akapapasa ukutani mpaka kwenye msumari wa kigwe, akamfunga Kanini mwenyewe, akanitafuta mkono, akautia kamba. "Nimekuwekesha. Ikizaa nijue. Ikifa nijue." Kisha akaondoka kuelekea nyumbani akigusa mti mmoja mmoja.

Tulipita njia ya Kinango kwa lori la mbuzi. Kanini alitoa kichwa juu ya mbao akaitazama nchi ikibadilika, minazi ikibaki nyuma, miiba ikianza, hewa ikikauka. Aliipokea ile hewa kavu kwa pua zilizopanuka, kama mtu anayesoma. Nyumbani, jirani yangu Mzee Chirima alikuja na fimbo yake akasimama.

"Mbeyu, huyu ng'ombe amesahau pembe wapi?"

"Ni farasi, Mzee."

"Anakamwa?"

"Hakamwi."

"Analima?"

"Halimi."

"Sasa anafanya nini?"

"Anazeeka."

Mzee Chirima akalifikiria hilo. "Basi tutasaidiana naye," akasema, akakaa.

Kanini aliishi na mbuzi. Walilala kwenye kivuli chake, naye aliwabadilishia kivuli jua liliposogea. Hilo sikulibuni, Mzee Chirima ni shahidi. Na jioni nyingi simu ililia. Alikuwa Daktari.

"Mnyama yangu inaendeleaje?"

"Hajambo. Anakula."

"Sogeza simu."

Nikaisogeza simu kwenye ndoo, nami nikakaa chini. Kanini alitafuna mchapu, mchapu, na Daktari huko Nairobi alisikiliza, na giza likatukuta taratibu. Wakati mwingine nilisahau kwamba kuna simu. Kisha sauti ndogo: "Haya, inatosha. Lala salama, Kanini."

Halafu simu ikaacha kulia. Siku, kisha siku tena. Habari nilipata kwa Bwana Juma: Daktari amefariki, na ameshazikwa kwao huko bara. Nilitoka nikakaa zizini. Nilimpenda yule mwanamke. Sikuwahi kumwambia, kwa sababu kila mara tulikuwa na kazi.

Msiba una mlango wake wa nyuma. Mwenyewe amefariki, kwa hivyo mnyama ni wa Kimani, na mimi natakiwa nimwite. Mke wa binamu yangu aliniambia nisijitie wazimu. "Nyamaza. Nani atakuja Samburu kudai farasi kibogoyo? Ukimwita, atakuja na sindano." Alikuwa na haki kabisa. Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo, nikachota maji silangani, bwawa letu la kuchimba, na bado lilikuwa juu ya kichwa changu pamoja na ndoo. Lakini Kanini alikuwa hai kwa ajili ya maneno yale. Nikiyavunja, nitakuwa nimemwiba, na mnyama wa wizi nitamtazamaje machoni alfajiri? Nikapiga simu.

"Kimani mwanangu, pole kwa mama. Kuna mfugo wake kwangu. Njoo umwone."

"Mfugo gani, Auntie?"

"Njoo umwone," nikasema. Utaratibu ni kuona.

Alikuja Jumamosi asubuhi, gari lake jeupe limekuwa jekundu, viatu vya mjini. Nikampeleka zizini, Mzee Chirima akifuata nyuma. Kanini alikuwa amesimama katikati ya mbuzi. Kimani alisimama kama aliyegonga ukuta.

"Hiyo ni Kanini?" Sauti ilimtoka ndogo. "Lakini ilishakufa. Mama alituambia ilimalizwa. Hata Bwana Juma nilimuuliza, akasema kazi imekwisha."

Mimi hilo sikulijua. Nikafanya ninalolijua: nikaleta ndoo. Kanini akashusha kichwa, akaanza kula. Mchapu, mchapu, mchapu.

Kimani akageuka ghafla akanitazama, kisha akaitazama ndoo.

"Hiyo sauti," akasema. "Auntie, jioni mama alikuwa anaweka simu kwa sikio, ananyamaza. Hakuna mtu anaongea. Anatabasamu tu. Siku moja nilichukua hiyo simu nikasikia hivyo hivyo, nikadhani laini ni mbovu." Akaushika mlango wa zizi. "Nilisema akili imeanza kumtoka. Nilimpeleka kwa daktari wa wagonjwa wa akili. Alikubali kwenda. Hakujitetea hata siku moja."

Akachuchumaa pale pale kwenye samadi na suruali yake nzuri, akafunika uso. Mzee Chirima akatazama kilimani. Nilimwacha alie. Kanini hakuacha kula.

Aliponyamaza nilimweleza utaratibu wote. "Huyu ni wako sasa. Ukisema Bwana Juma aje, atakuja, na mimi nitamshika Kanini kichwa mpaka mwisho. Ukisema akae, mtie kigwe, uniwekeshe, Mzee Chirima akiwa shahidi."

Alimtazama Kanini tangu masikio hadi kwato. Nilifikiri anapiga hesabu za kumaliza mambo. Kisha akachukua kigwe, akamwendea farasi kwa kulia, na Kanini akarudi nyuma.

"Kushoto," nikamwambia. "Na umwongeleshe."

Akazunguka. "Kanini," akasema, "ni mimi. Ni Kimani." Akamfunga vibaya, fundo la mtu wa mjini, nikaliacha. Akanitia kamba mkononi. "Nimekuwekesha," akasema. "Ikizaa nijue."

Tukangoja. Mzee Chirima aliinamisha kichwa kusikia maneno yaliyobaki. Kimani akampapasa Kanini shavuni, pale mashavu yalipozama kwa kukosa meno, akaondoka kuelekea kwenye gari bila kuaga.

Mzee Chirima alininong'oneza kwamba maneno hayajatimia, na kwamba kwa desturi bado hajaniwekesha. Nikamwambia yatatimia siku yake.

Kimani huja siku hizi kila akiteremka Mombasa, na mfuko wa mashudu ya nazi begani. Hukaa chini karibu na ndoo mpaka Kanini amalize, kisha humuuliza Mzee Chirima, uso mkavu kabisa, kama farasi ameshika mimba. Mzee humjibu kwamba bado wanatazamia. Yale maneno mengine hajayasema hadi leo, nami sijamdai.